Shingo ya Msemaji

Jumatano hiyo Sano alifagia saluni yake ya Gisenyi mara nne kabla ya saa nne asubuhi, na wala hapakuwa na unywele wa kufagia. Hakuna mtu aliyekuwa amekuja kunyolewa. Alikung'uta taulo zilizokwisha kung'utwa, akapanga mashine zake kwa ukubwa, akazipangua akazipanga kwa umri, akatoka mlangoni kuitazama barabara inayoteremka kwenda Petite Barrière, mpaka mdogo wa kuvukia Goma, akaingia, akatoka tena, mpaka muuza vocha wa jirani akamwomba kwa heshima zote akae chini, maana alikuwa anamtia kizunguzungu.

Hofu ya Sano ilikuwa na jina, kitambi kiasi na kofia ya kahawia: mzee Rutagengwa.

Jana yake mzee alikuja, akakaa kitini kama anayeapishwa, akanyolewa vizuri, akapakwa spiriti, akavumilia. Kisha akaomba deseri. Pale saluni deseri haikuwa keki. Ilikuwa ule ufundi ambao Sano aliupata kwa kinyozi mmoja wa Birere, ng'ambo kule Goma, kwa muda wa wiki tatu ukihesabu na Jumapili: mkono wa kushoto chini ya kidevu, wa kulia kisogoni, unamnong'oneza mteja "relaxe", unamwacha aamini, halafu ka! Shingo inalia, mteja anafumba macho, anamtaja Mungu, anatoka pale akitembea kama aliyesamehewa. Watu walipita vinyozi sita njiani kumfuata Sano kwa ajili ya hiyo ka.

Sasa jana haikulia ka. Ililia kama mtu aliyekanyaga kikombe cha plastiki. Mzee akasema "Ehh," akavaa kofia yake polepole mno, akaondoka. Sano akabaki na mikono hewani, anaitazama kama ya kuazima.

Saa nne na robo akaingia Umuhoza. Huyu ni binti wa marehemu ndugu yake Rutagengwa, mfanyakazi wa benki, na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo familia ya mchumba wake ilikuwa inakuja kumwomba rasmi. Kwa kawaida Umuhoza hucheka kabla ya kusalimia. Leo aliingia ameukumbatia mkoba kama ngao.

"Sano, umemufanya nini tonton wangu?"

"Mi? Nilimunyoa."

"Kichwa imefungana. Inaangalia bega ya kuume tu. Usiku hakulala. Anasema vidole vyake viko na siafu ndani."

Sano akashika ufagio.

"We acha kufagia, niko naongea na we! Unajua Jumamosi ni nani anasemea familia? Ni yeye. Mwezi muzima anafanya repetisyo mbele ya kioo ya kabati. Akishindwa, ni binamu yake Kimenyi anaingia. Na Kimenyi ameisha sikia. Leo asubuhi alikuja kusalimia mugonjwa, akakaa kwa kiti ya tonton, akaijaribu, ati inamutosha."

Asiyejua gusaba, siku ya kuomba msichana, anaweza kudhani ni jambo dogo. Familia mbili zinakaa zikitazamana chini ya mahema. Wageni wamekuja kuomba msichana, kila mtu anajua, hata wapishi, lakini msemaji wa upande wa msichana lazima ajifanye hajui. Anawauliza kama wamepotea njia. Wakitaja msichana, anasahau kama anaye. Wakimkumbusha, anawageukia wazee wa ukoo waliokaa nyuma yake, anashauriana nao, anawarudia wageni na kikwazo kipya. Ni mchezo wa maneno, na ole wake anayeishiwa. Kazi nzima iko mdomoni na shingoni. Rutagengwa, karani mstaafu wa ofisi ya sekta, aliyerudi kutoka Masisi, Kongo, na masanduku mawili na ulimi usiolala, alikuwa amemwahidi ndugu yake, baba wa Umuhoza, kwenye kitanda chake cha hospitali kwamba siku ya Umuhoza hatasema mtu mwingine.

"Donc mji muzima unasema ni mi?" Sano aliuliza.

"Mji muzima hapana. Nusu tu. Ile nusu ingine iko kazini."

Sano alifunga saluni. Njia nzima ya kwenda Nengo, nyumbani kwa mzee, alitembea kama anayefukuzwa, akipiga hesabu za mambo yasiyohesabika: kama mzee atapooza, kama atakufa, kama kinyozi anafungwa miaka mingapi, kama gerezani kuna saluni.

Alimkuta mzee sebuleni, kofia kichwani, kichwa begani, ananyonya chai kwa mrija.

"Sano, mwanangu. Muzuri umekuja. Nirudishie."

"Nikurudishie nini, muzee?"

"Ulizungusha huku, si ndiyo? Sasa zungusha kule. Hata robinet, ukiifungua kwa kuume unaifunga kwa kushoto."

Mtu ukiwa na hofu, hoja ya robineti, ya bomba la maji, inaingia akilini kama sheria ya fizikia. Sano alijikuta ameshasimama nyuma ya kiti, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine kisogoni. Mzee alifumba macho. Chini ya kidole chake Sano akasikia mshipa wa shingo unagonga, du, du, du, kama mtu aliyefungiwa ndani anabisha. Akaiondoa mikono.

Hapo ndipo alipomkumbuka Kabatesi.

Kabatesi alikuwa mteja pekee aliyewahi kukataa deseri. Mama wa miaka arobaini na kidogo, nywele fupi kila baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza Sano alipomgusa kidevu, alimshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili tu, lakini vidole vile vilikuwa vimesoma. "Nywele tu, kaka. Shingo niachie mwenyewe." Alipoulizwa anafanya kazi gani, akasema yeye ni osteopathi. Sano alidhani ni dhehebu.

"Osteo nini?" Rutagengwa aliuliza. "Anapasuaka watu?"

"Apana, muzee. Anashikaka na mikono tu."

"Hata we unashikaka na mikono. Niangalie."

Walikodi gari, siyo pikipiki. Mzee aliketi mbele, na kwa kuwa uso wake ulikuwa umeelekezwa dirishani bila hiari, watu wote wa kandokando ya njia walidhani anawasalimia, wakampungia. Alirudisha salamu zote. Huwezi kumkazia macho mtu kwa dakika tano bila kumsalimia.

Kabatesi alikuwa na vyumba viwili juu ya duka la madaftari, barabara ya kwenda Grande Barrière. Wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile cha kusomea taarifa ya habari. Miaka mingi alifanya fiziotherapia hospitalini, kisha akaenda nje kusomea osteopathia miaka mingine mingi, akarudi na uti wa mgongo wa plastiki na subira ya ajabu. Sano alitaka amshike mzee papo hapo, aigeuze ile shingo, waondoke. Kabatesi alichukua kalamu.

"Maumivu yalianza lini, mzee?"

"Jana, saa kumi. Kwa huyu."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa muzima kama mlango wa kanisa."

Aliuliza kama anasikia kizunguzungu. Kama anaona vitu viwili viwili. Kama anameza vizuri, anatembea vizuri, kama amepata homa, kama amekonda, kama haja ndogo inatoka kwa amri yake.

"Docteur," mzee alisema, "shingo iko huku juu. Mambo ya choo inaingiaje?"

"Nyaya zote zinazoshuka mwilini zinapita shingoni, mzee. Nisipouliza hapa, nitakuja kuulizwa mimi."

Sano alikuwa anazunguka nyuma yao, amegusa uti wa plastiki, amegusa pazia, amegusa mizani. "Dada, kwani huwezi mugeuza kidogo tu? Kidogo hivi?"

"Kaa, Sano."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Akakaa. Goti likaendelea bila yeye.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kurudisha mfupa uliotoka mahali pake," Kabatesi alisema, sasa akimzunguka mzee, akitazama mabega, kiuno, hata visigino. "Mfupa uliotoka mahali pake ni kazi ya hospitali. Mimi natafuta mahali palipoacha kutembea. Mwili ni kama watu wanne wanaopandisha kabati ngazini. Mmoja akilegeza, wenzake wanabeba sehemu yake, na anayepiga kelele siyo yule mvivu, ni yule aliyeelemewa. Shingo ndiyo inayolia, lakini mvivu anaweza kuwa ubavu, au bega, au pumzi yenyewe. Nikimpata, namrudisha kazini polepole kwa mikono. Mengine mwili unayamaliza wenyewe."

"Na unaponyaka nini?" mzee aliuliza. "Malaria?"

"Hapana."

"Presha?"

"Hapana."

"Amibe?"

"Mzee, hapana."

"Sasa we unaponyaka nini, mama?"

"Mgongo wa chini, hapo ndipo nina uhakika zaidi. Shingo, mabega, kichwa kinachouma kwa sababu ya shingo. Akina mama wanaobeba magunia pale mpakani nawaona kila wiki, na wajawazito wenye mgongo. Wengine wanapona, wengine nawapunguzia tu. Na wengine nawapeleka kwa daktari bila kuwagusa, na hao ndio ninaojivunia. Nipe mikono."

Alipitisha ncha ya kalamu vidoleni, kimoja kimoja, akiuliza wapi panasikia na wapi pana siafu. Kisha akakigeuza kiganja cha kulia. Katikati palikuwa na kovu jekundu, jipya, kama la wiki mbili.

"Hii nini?"

"Nililima."

"Ulilimia kiganja?"

Goti la Sano lilisimama. Mzee alitazama ukuta, na kwa hali yake ile hakuwa na kingine cha kutazama.

"Moto," alisema mwishowe.

Ilikuwa wiki mbili nyuma, kona ya kuteremka Nengo, mvua ndiyo kwanza imekatika. Pikipiki, ile ambayo huku huitwa moto, iliteleza, dereva akaenda huku, abiria kule. "Kofia ilifika chini mbele yangu. Mi nikaifuata." Aliangukia kiganja na bega. Akasimama, akajikung'uta, akampa dereva maneno mawili ya karani na moja la Masisi, akaenda nyumbani, akasema ameteleza kidogo bafuni. Tangu siku hiyo kichwa kilimuuma nyuma na shingo ilikuwa nzito, akaona labda deseri ya Sano itaifungua.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme? Wangesema muzee ameisha pungukiwa, apumuzike. Kimenyi angeleta kiti yake na mto juu."

Kimenyi ni binamu yake, mwalimu mstaafu, na tangu utotoni Masisi walikuwa wanashindana kwa kila kitu, hadi nani amezaa mapema na nani ameota mvi vizuri.

Ndani ya Sano kitu kilipiga vigelegele. Siyo mi! Ni moto! Aliinuka na meno yote nje. Kabatesi akamkata kwa jicho.

"Wewe usicheke. Ulikuta mlango bawaba zimelegea, ukaupiga teke. Mzee wa miaka sitini na saba, ametoka kuanguka, na wewe unamzungusha kwa kasi bila kuuliza hata swali moja. Ndani ya shingo kuna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ukiichana, huna mteja, una maiti kitini. Umewazungusha wangapi?"

Sano alikuwa anawapitisha kichwani, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anamtazama kwenye kioo.

"Na mimi simgusi leo," Kabatesi alisema. Alimvalisha mzee kola laini shingoni, akaandika barua, akampigia simu daktari. "Ameanguka, ana ganzi vidoleni, na umri huu. Kwanza picha, kwanza daktari ampime nguvu ya mikono. Kama kuna mfupa uliopasuka, mikono yangu ni hatari kama ya Sano."

Hospitalini waliambiwa wasubiri. Kabla hajaingizwa chumba cha picha, mzee alimvuta Sano kwa ukosi wa shati. Akanong'ona, jicho moja kwake, lingine dirishani. "Ukisema neno ya moto kwa mutu yeyote, nakulaani we na mashine zako. Iko siri yangu. Umesikia?"

Sano alisikia. Basi akatembea. Korido ile ilikuwa na vigae thelathini na nane kwenda na, kwa sababu isiyoeleweka, arobaini kurudi. Simu ilikuwa inatetema mfukoni. Mteja wa Jumatatu: "Sano, wanasema umevunja muzee wa watu?" Mteja wa Alhamisi: "Ni kweli amekufa?" Mteja mwingine, asiye na haya: "Na mi shingo inauma, nishitaki wapi?" Sano aliandika: "Si mi, alianguka na moto." Akafuta. Akaandika tena. Akafuta. Kidole kilikuwa kinawasha kuliko siafu za mzee. Maneno matano tu yangemsafisha mbele ya Gisenyi nzima, na maneno hayo hayakuwa yake. Na hata yangekuwa yake, kuna kigae fulani katikati ya korido ambapo kila alipofika alisikia tena mlio wa kikombe cha plastiki.

Kama picha itaonyesha ufa, mzee hatakaa kwenye kiti chochote Jumamosi, labda kile cha magurudumu. Saa moja ikapita. Nyingine ikaikalia kichwani. Mlinzi alimuuliza kama mke wake ndiye anayejifungua.

"Apana. Ni muzee."

"Hongera," alisema mlinzi, ambaye hakuwa amesikia vizuri au hakujali.

Hatimaye daktari akatoka. Hakuna kilichovunjika. Pingili zimechakaa kwa umri, kama za watu wengi, na mshipa wa fahamu mmoja umesumbuliwa, lakini nguvu za mikono ziko sawa. Dawa ya maumivu, hakuna kunyanyua, hakuna kuzungushwa kwa kasi na mtu yeyote awaye. Mikono ya taratibu, ndiyo. Nguvu ikipungua au ganzi ikizidi, arudi mbio.

Sano alimshukuru daktari mara tano, kisha akamshukuru mlinzi.

Alhamisi mzee alilazwa kwenye meza ya Kabatesi, chali, miguu imewekewa mto. Kabatesi alianzia mbali, kwenye mbavu za juu upande wa bega aliloangukia.

"Mama, shingo ndiyo inauma, we unashika mbavu. Unatafuta pochi?"

"Hapa ndipo alipolala mvivu. Tangu uanguke umekuwa unashikilia pumzi. Mbavu hizi hazipandi, kwa hiyo misuli ya shingo ndiyo inazivuta kila unapovuta hewa. Usiku na mchana. Vuta. Toa. Taratibu."

Baadaye aliweka vidole chini ya kisogo, akaviacha tu pale, kana kwamba anapima joto la mkate. Kisha kiganja pembeni ya kichwa. "Sukuma mkono wangu kwa nguvu ya inzi. Siyo ya ng'ombe, mzee. Ya inzi. Haya, acha." Kila mzee alipoacha, kichwa kilikuwa kimelegea upana wa uzi, na Kabatesi akaupokea ule uzi bila kuomba zaidi. Tena. Inzi, acha. Inzi, acha. Sano, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa anasubiri ka kwa moyo wote, kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Ka haikuja. Kilichokuja ni koromo. Mzee alikuwa amelala.

Alipoamshwa na kukalishwa, kichwa kilikuwa kinatazama mbele. Mbele kabisa, kama cha watu. Akakijaribu kushoto: vidole viwili hivi, kikagoma.

"Ka iko wapi?" aliuliza kwa mashaka.

"Hakuna ka. Wakati mwingine ipo, kwa mtu anayeifaa. Wewe haikufai."

"Basi umeniponyaje?"

"Sijakuponya. Nimekupa nafasi. Utarudi Jumatatu na Ijumaa nyingine. Jumamosi hutaweza kutazama nyuma, nisikudanganye. Keti. Ukitaka kugeuka, anza na miguu, mwili wote ufuate. Na vidole vikijaa siafu tena, unaacha, hata kama uko katikati ya sentensi. Pia mtu mmoja wa nyumbani ajue ukweli."

"Sano anajua."

"Sano siyo wa nyumbani."

Mzee alivaa kofia yake akaelekea mlangoni.

Ijumaa saluni ilipata mteja mmoja, ambaye alinyolewa mkono wake mwenyewe ukiwa umeshikilia shingo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sano alimwambia deseri imeisha, haitarudi. Mteja akashukuru mpaka akasahau kujipangusa.

Jumamosi mahema yalipigwa kwenye bustani karibu na ziwa. Wanawake kwenye mishanana, vitambaa vya sherehe vilivyofungwa begani, watoto wamebanwa na viatu vipya, kwaya inajaribu kipaza sauti. Umuhoza alikuwa amefichwa ndani, kama desturi inavyotaka. Mzee alikuwa ameagiza Sano awekwe nyuma ya wageni, upande wa makreti ya soda, mahali anapoweza kumwona. Sano alisimama pale akisugua viganja kwenye suruali. Kila aliyepita alimtazama, kisha akaitazama shingo ya mzee, kisha akamtazama tena.

Maneno ya gusaba husemwa kwa Kinyarwanda, kile cha ng'ombe na maziwa. Hapa tuyapitishe kwa Kiswahili. Msemaji wa wageni aliitwa Ndahiro, kutoka Musanze, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Aliomba msichana. Rutagengwa akashangaa: msichana? Yeye alidhani wamekuja kuuliza njia ya kwenda Goma. Mahema yakacheka. Ndahiro akasema wameona ua kwenye boma hili. Rutagengwa akasema maua yako mengi, waulize mtunza bustani, yule pale kwenye soda. Sano akapungia mkono kabla ya kufikiri. Watu wakafa kwa kicheko. Mzee alikuwa anang'aa. Hata Kimenyi, kwenye safu ya wazee, aliuma mdomo asicheke.

Ukafika wakati wa kushauriana. Rutagengwa aliinuka, akaanza na miguu, mwili wote ukafuata, taratibu, kama kabati linalohamishwa. Watu wakadhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. Akashauriana, akarudi. Ndahiro akaomba tena. Kabati likahama tena. Mara ya tatu, mzee mmoja akamwita kutoka nyuma kwa jina, ghafla, na Rutagengwa, kwa joto la mchezo, akageuza kichwa peke yake.

Sano aliona. Hakuna mwingine aliyeona. Uso ulikauka, na mkono wa kulia, pembeni ya kiti, ukaanza kufunguka na kufumba, kufunguka na kufumba.

"Acha," Sano alisema kwa sauti ya chini. "Muzee, acha."

Mzee hakutoka kitini. Aliketi wima, anatazama mbele, hasemi kitu. Ndahiro akaona mwanya.

"Tumestaajabu," alisema. "Wazee wako nyuma, msemaji wao hataki kuwageukia. Anatutazama sisi tu. Anaogopa tutatoroka, au ametupenda?"

"Ni Sano wa saluni alimuvunja!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka pembeni, na mahema yote mawili, wenyeji na wageni, yakalipuka. Sano aliangalia viatu vyake. Aliyasikia yale maneno matano yamepanda hadi nyuma ya meno. Akayameza.

Rutagengwa aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, mpaka kicheko kikaisha.

"Muongo," alisema. "Yule kijana alinikuta nimeisha vunjika. Wageni, mi nilianguka na moto. Kona ya Nengo, kwenye tope, wiki mbili na siku tatu. Nikaficha. Nilificha ili binamu yangu Kimenyi asininyang'anye kiti hii. Docteur aliniambia siafu zikirudi mukononi, niache. Zimerudi. Sasa naacha."

Mahema yakacheka kuliko mara zote. Walidhani ni kikwazo kipya, kizuri kuliko vyote. Ndahiro mwenyewe alipiga makofi, akatafuta jibu. Na Sano, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasikia sauti yake inatoka kwenye makreti: "Na mi niliongeza! Nilimuzungusha bila kuuliza! Ni kweli!" Kicheko kikaanza upya.

Kimenyi peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono unaofumba na kufunguka. Aliinuka kwenye safu ya wazee, mrefu, fimbo mkononi, na Sano akajua basi, kiti kimekwenda. Kimenyi alikuja hadi mbele. Hakugusa kiti. Alivuta kigoda kidogo cha mpiga ngoma, akakaa karibu na goti la binamu yake, upande ule shingo inapoweza kumwona.

"Pumbavu," alisema kwa Kiswahili cha Masisi, taratibu, kipaza sauti kikiwa mbali. "Wiki mbili?"

"Na siku tatu."

"Baki na mudomo yako. Mi nitakuwa shingo."

Mchezo ukaendelea hivyo. Ndahiro anaomba, Rutagengwa anajibu akiwa ameketi, mkono wa kulia umelazwa pajani ukipumzika. Ikifika kushauriana, Kimenyi anainuka, anaenda kwa wazee, anainama, anarudi, anamnong'oneza. Siafu zilipungua, mzee alimwonyesha Sano kwa mbali vidole vilivyopona, vitatu, kisha vinne. Sano aligundua amekaa juu ya kreti na hakumbuki alikaa lini.

Mara ya mwisho Kimenyi alirudi haraka kuliko kawaida.

"Wamesema nini?" Rutagengwa aliuliza.

"Wamesema tumutoe, jua inachoma na chakula inapoa."

"Wazee wangu hawawezi sema vile!"

"Bon. Geuka uwaulize."

Rutagengwa alifungua mdomo, akakosa neno, kwa mara ya kwanza siku hiyo na labda kwa mara ya kwanza tangu Masisi. Kisha akaanza kucheka, taratibu, kwa tumbo na mbavu, mbavu zote zikipanda na kushuka, bila kuishika shingo. Akavuta kipaza sauti, akawaambia wageni kwamba amekumbuka: ndiyo, msichana yuko, na tayari ameisha choka kuwasubiri.